Mesa ya Sista Rimendio

Kihispania chote ninachokijua ni neno moja, na nilijifunza neno hilo katikati ya harufu ya spiriti. Hata leo, muuguzi akifungua kichupa na kulowesha pamba, kabla sindano haijaniuma, neno lile hunijia mdomoni lenyewe: mesa. Ni jina la kitu cha kawaida kabisa, kitu ambacho Wahispania hukiegemea viwiko kila siku bila kukiwazia. Lakini mimi nililifuata neno hilo mpaka juu ya Yatta nikiwa msichana wa darasa la nne, mdogo wangu akiwa hoi mgongoni mwa mama, kwa hiyo mtaniwia radhi nikilisimulia polepole.

Kwetu ni upande wa Kitui, chini ya Yatta. Asiyeijua Yatta afikirie mlima ambao mtu aliukata kichwa kwa panga, akaupiga randa, kisha akauvuta kama kamba mpaka macho yachoke kuufuata. Juu yake ni bapa tupu. Ukivuka ng'ambo unateremka hadi Mto Athi, na mbele ya Athi ni Kibwezi, ambako baba alikuwa akifanya kazi kwenye shamba la mkonge. Hiyo ilikuwa miaka ya sabini. Baba alikuja nyumbani Krismasi, na mara chache katikati. Nyumbani tulikuwa mama, mimi, mdogo wangu Kyalo, na Susu, ndivyo Wakamba tunavyomwita nyanya. Kyalo maana yake ni safari. Mama alimzaa njiani akitoka kumtembelea baba, na alipenda kusema mtoto huyo alikuwa na haraka ya kuona barabara.

Kila Alhamisi Sista alikuja sokoni kwetu kutibu wagonjwa, na Landrova yake kutoka misheni ya Wakatoliki. Jina lake lilikuwa Remedios, lakini ulimi wa Kikamba haupendi herufi d iliyoachwa peke yake bila n ya kuisindikiza, kwa hiyo tulimwita Sista Rimendio, naye akaitika. Alikuwa mfupi, mwenye viatu vya kiume, na juu ya kitambaa chake cha utawa alivaa kofia pana ya ukindu aliyoinunua sokoni Zombe. Kiswahili chake kilikuwa cha maneno machache aliyoyatupa moja moja kama mtu anayepanda mbegu kwenye mwaka mbaya. Mazungumzo marefu alimwachia Musyoki, msaidizi wake, kijana wa Kitui mjini.

Sisi tulikuwa watu wa kanisa lingine, kanisa la kuokoka, na kanisa letu ndilo lililokuwa na meza pekee ya maana sokoni pale. Ilikuwa ya mbao nzito, nayo ilikuwa Meza ya Bwana, ya mkate na kikombe. Mzee Nzioka, mzee wa kanisa, hakutaka kusikia chupa za dawa zikipangwa juu yake, tena na mtawa wa Kikatoliki.

"Meza hii imewekwa wakfu," alisema.

"Na watoto je?" mama akamuuliza. "Wao hawakuwekwa?"

Mama hakuwa mtu wa kelele. Aliongea hivyo kwa sauti ile ile ya kuomba chumvi kwa jirani, kisha yeye na wanawake wengine wawili wakaibeba meza hadi barazani. Mzee Nzioka akawafuata na vitambaa viwili, akaifunika kwa kimoja na juu yake kingine, ili angalau dawa zisiiguse moja kwa moja.

Siku moja Susu alienda kutibiwa kidonda cha mguu. Musyoki alikuwa nje akihangaika na gurudumu lililopasuka. Sista alimpa Susu kichupa cha dawa ya zambarau amshikie, akakata pamba, kisha akaona mikono yote miwili ya Susu imeshika kichupa wakati alitaka ainue gauni lake. Basi akamwambia aiweke mezani ile dawa. Lakini lugha ilimponyoka, akasema kwa lugha ya kwao: "Mesa. Mesa, mama, mesa."

Susu alimtazama. Alikuwa mwanamke aliyeogopa vitu vichache sana duniani, na dawa haikuwa kimojawapo. Akafungua kifuniko, akainamisha kichwa nyuma, akameza.

Sijawahi tena kumwona mtu mzima akiruka hivyo. Sista alivuka meza karibu aiangushe, akampokonya kichupa, akapiga yowe la kwao, akamfungua mdomo kwa vidole. Mdomo, ulimi, meno mawili ya mbele, vyote vilikuwa rangi ya zambarau iliyoiva. Alimnywesha maziwa ya ng'ombe aliyoyabeba mama mmoja wa foleni, akakaa naye akishika mkono wake akihesabu mapigo, na foleni yote ikangoja. Susu peke yake ndiye hakuwa na wasiwasi.

"Mzungu amesema meza, nimemeza," alieleza. "Sasa ananililia nini?"

Hakufa. Tumbo halikumuuma. Jumapili alikaa kiti cha mbele na kuimba kwa mdomo ule wa zambarau uliofunguka kama ua, hata Mzee Nzioka akalazimika kuhubiri huku akitazama dirishani.

Wiki iliyofuata, foleni ilipokwisha, Sista aliniita. Nadhani alinichagua mimi kwa sababu nilicheka zaidi ya wote. Akapiga meza kwa kiganja. "Mesa," akasema, kisha akagusa koo lake na kutikisa kichwa, hapana, si hivyo. Nikamfundisha meza na meza, ile ya kuwekea vitu na ile ya koo, na kwamba kwetu ni neno moja lenye kazi mbili. Alifurahi kama mtu aliyeokota shilingi. Na yeye akanionyesha kwamba neno lao pia lina kazi zaidi ya moja. Aliigiza kula, akaonyesha watu wengi wameketi, wanacheka, wanapitishiana sahani: hiyo pia mesa. Akaonyesha mle kanisani, akakunja mikono kama wa kuomba: mesa. Kisha akageuka, akaitazama Yatta ilivyolala pale magharibi, akanyoosha kiganja kikiwa bapa, akakipitisha hewani taratibu kutoka kushoto kwenda kulia.

"Mesa," akasema.

Nikacheka. Mlima ni meza? Akaitikia kwa kichwa kwa nguvu, ndiyo, ndiyo. Akajigusa kifua. "Kwetu," akasema, akapitisha tena kiganja hewani. Nikaelewa kwamba kwao pia kuna milima iliyokatwa kichwa, na kwamba alikuwa akiiona. Nikampa ubuyu uliokuwa mfukoni mwangu.

Yalikuwa yakituhusu kidogo tu mambo hayo ya maneno, mpaka Kyalo alipougua.

Ilianza na homa ya jioni. Ilikuja, ikaenda, ikarudi. Mikono na miguu yake ilikonda, lakini tumbo likakua, hasa upande wa kushoto, gumu kama ubao. Ngozi yake ikawa nyeusi ya kijivu, kama ya mtu aliyepakwa majivu. Majirani walikuwa na la kusema kila mmoja. Mtu alileta mganga aliyemchoma vialama vidogo tumboni kwa chuma cha moto. Mama aliruhusu mara ile moja, akageuza uso wakati Kyalo analia, na mganga aliporudi mara ya pili alimkuta mama amesimama mlangoni na hakumpisha.

Mama akampeleka Kyalo kwa Sista. Sista alilibonyeza tumbo kwa vidole polepole, akachora mstari kwa kalamu pale bandama ilipoishia, akatoa damu. Alhamisi iliyofuata alikuja na jibu, na Musyoki akalitafsiri akiwa amevua kofia.

"Ni kala-azar. Dawa iko, lakini ni sindano kila siku, wiki nyingi, na ni hospitali tu. Sista anasema asipopata, mtoto hatapona. Alhamisi ijayo anakuja kuwachukua na gari. Mjitayarishe."

Wiki ile ndiyo mvua ikaja. Tulikuwa tumeililia miezi mingi, na ikatuitikia vibaya. Mto wetu wa mchanga, ambao sehemu kubwa ya mwaka tunauvuka kwa miguu mikavu, ulishuka usiku ukiwa mwekundu, unabeba miti mizima, na gari lolote la kutoka misheni lilipaswa kuuvuka. Kyalo akaanza kutoka damu puani. Mama alimfuta kwa ncha ya kanga, akaisuuza, akamfuta tena.

Jumatano maji yalipungua kiasi cha mwanamume mrefu kuvuka akishikilia fimbo. Aliyevuka alikuwa Abdi, mfanyabiashara wa mbuzi, mtu wa kaskazini mashariki aliyepita kwetu kila mwezi na ambaye mama alikuwa akimwekea maji ya kutawadha. Alifika jioni, kikoi chake kikidondoka maji.

"Mama Kyalo, nimeonana na yule sista wako ng'ambo ya mto. Alikuwa peke yake na gari, Musyoki ameenda matanga. Gari haiwezi vuka. Amesema nikwambie: kesho asubuhi, meza."

"Meza gani?"

"Hata mimi nilimuuliza. Akasema tu meza, meza, kesho."

Mzee Nzioka alipoambiwa alisema jambo liko wazi. Meza ya dawa iko kanisani. Mto utashuka usiku, Sista atakuja pale pale alipozoea. Basi Alhamisi kulipokucha tulikuwa barazani kanisani, Kyalo amefungwa mgongoni mwa mama, Susu ameketi kando ya meza, na Mzee Nzioka akiomba. Aliomba sana. Alianzia kwa Musa na Bahari ya Shamu. Huku nyuma ya sauti yake tuliusikia mto ukinguruma, na mtoto yeyote angejua kwamba hakuna gari litakalovuka mngurumo ule.

Abdi alikuwa amelala kwa mwenye duka, akapita akienda kutafuta mbuzi wa kununua, akashangaa kutukuta.

"Bado mnangoja? Lakini hakuonyesha huku," akasema. "Alikuwa akisema meza anafanya mkono hivi."

Akanyoosha kiganja kikiwa bapa, akakipitisha hewani, kutoka kushoto kwenda kulia.

Nilihisi kama mtu amenimwagia maji mgongoni. Barabara ya Kibwezi hupita juu ya Yatta, na kutoka misheni mtu anaweza kuifikia bila kuugusa mto wetu. Nikavuta kanga ya mama.

"Mama, si meza hii. Ni ile." Nikaonyesha Yatta. "Aliniambia. Kwao mlima kama ule huitwa mesa."

Mzee Nzioka alifungua macho. "Mlima haujawahi kuitwa meza tangu dunia iumbwe," akasema, si kwa ukali, ila kama mtu anayesahihisha mwanafunzi. "Mama Kyalo, utampandisha mgonjwa huko kwa neno la mtoto? Na Sista akija hapa akukose?"

Mama alinigeukia. Macho yake yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi.

"Una hakika?"

Nilitaka kusema ndiyo. Lakini mama alikuwa hapendi uongo, na mimi nilikuwa naogopa. "Hapana," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa kama vile nimemjibu vizuri. "Susu atabaki hapa mezani," akasema. "Akija hapa, Susu atamweleza. Sisi tunaenda kwa ile nyingine."

Susu akasogeza kiti chake karibu zaidi na meza, akaweka mkono juu yake. "Hapa hapiti mtu nisimwone," akasema.

Njia ya kupanda Yatta kutoka kwetu ni ya mbuzi. Mvua ilikuwa imeilegeza, mawe yakiteleza chini ya miguu, na miiba ya mgunga ikituvuta nguo kila hatua kama watu wenye madai. Mama alipanda bila kupumzika. Nilimwona amevua viatu na kuvifunga kiunoni ili vidole vishike udongo. Kichwa cha Kyalo kilicheza huku na huku mgongoni mwake. Mara moja alinong'ona anataka maji, nikamnywesha kwa kiganja kutoka kwenye kibuyu, na yaliyobaki kiganjani yalikuwa na damu. Niliyapangusa kwenye gauni langu mama asione. Mama alikuwa ameona.

"Tembea," akasema.

Jua lilikuwa limepanda tulipofika juu. Nilikuwa nimejiambia kwamba tukitokeza tu tutaiona Landrova imeegeshwa inatungoja. Hapakuwa na kitu. Palikuwa na uwanda, vichaka, upepo, na barabara nyekundu imelala tupu pande zote mbili. Tulisimama. Niliangalia kaskazini, nikaangalia kusini, nikaangalia uso wa mama, kisha nikalia kama ambavyo sijawahi kulia, kwa sababu nilikuwa nimewapandisha bure, na asubuhi ilikuwa inaisha, na labda kule chini Sista alikuwa ameketi na Susu akituulizia.

Mama hakuninyamazisha, na hakunilaumu. Alikaza fundo la kanga kifuani, akageukia upande wa Kibwezi, akaanza kutembea. Nikamfuata nikilia.

Tulitembea mpaka barabara ilipopinda kwenye kichaka kikubwa, na hapo nikasikia mtu akisema maneno ambayo hata bila kuyaelewa nilijua si ya sala. Landrova ilikuwa imezama kwenye tope jeusi hadi katikati ya magurudumu. Ilikuwa imepita pale tulipotokezea kabla hatujafika, ikitafuta mahali pa kugeuzia. Sista Rimendio alikuwa amepiga magoti nyuma yake, pekupeku, kitambaa cha utawa kimefungwa nyuma kama mwanamke anayepalilia, anachimbua tope kwa karai la kuoshea vidonda.

Alituona. Mama alimfungua Kyalo mgongoni, akamweka mapajani mwangu kwenye kivuli, akaenda akapiga magoti upande wa gurudumu la pili na kuchimba kwa mikono. Nakumbuka migongo yao miwili. Hawakuwa na lugha ya kuzungumza, lakini mmoja alipoinua kichwa mwingine alijua ni wakati wa kukata matawi, na wakakata, wakayapanga chini ya magurudumu. Sista akapanda akawasha, mama akasukuma kwa bega. Gari likateleza, likalia, likatoka. Mama alianguka kifudifudi kwenye tope. Aliinuka akicheka, kicheko kifupi kikavu, na ndipo Sista akashuka akamkumbatia, tope kwa tope.

Sista alimtazama Kyalo, akampa kitu kwa kijiko, akapiga bodi ya gari kwa kiganja: twende. Nafasi ilikuwepo, lakini ilibidi mtu arudi kumwambia Susu, na mtu huyo alikuwa mimi. Mama aliniinamia. Uso wake wote ulikuwa mweusi kwa udongo isipokuwa macho.

"Leo umeona mbele kuliko sisi wakubwa," akasema. "Isingekuwa wewe tungekuwa bado kanisani. Shuka umwambie Susu hivyo hivyo."

Nilishuka Yatta peke yangu nikikimbia. Sikuhisi miiba. Nilimkuta Susu palepale, na Mzee Nzioka ameketi naye, hakuwa ameenda nyumbani. Nilipomaliza kuwasimulia, mzee alivua kofia akaiangalia Yatta kwa muda mrefu. "Sasa huo nao ni meza," akasema, akaingia ndani kushukuru.

Kyalo alirudi mvua zikiwa zimesahaulika, tumbo limeshuka, makalio yamejaa alama za sindano, na kitu cha kwanza alichoniuliza ni kama kunde zimebaki. Leo ana watoto wanne na gereji ndogo Kibwezi. Sista alihamishwa mwaka mmoja baadaye. Sikupata kujua alipelekwa wapi.

Nami niliishi miaka mingi kama mtu aliyemwokoa ndugu yake. Sikujigamba hadharani, lakini shuleni nilipopata sifuri za hesabu, nilipofeli mtihani mara ya kwanza na kuurudia, nilipoachwa na mchumba aliyekwisha kutoa mbuzi wa mahari, nilikuwa na mahali pa kusimama ndani yangu. Nilijiambia: mimi ndiye niliyejua mesa ni nini.

Nilikuwa nimeshapata watoto wangu siku tulipokaa na mama tukipukuchua mbaazi, na nikamkumbusha siku ile. Nikamwuliza ilikuwaje akaniamini, wakati nilimwambia wazi sina hakika.

"Nani alikuamini?" akasema, bila kuinua macho kutoka kwenye ungo. "Mimi nilikuwa naenda Kibwezi. Nilikuwa nimeamua tangu usiku. Nipande Yatta, nishuke, nitafute wa kunivusha Athi, nimfikie baba yenu, tupande basi tumpeleke hospitali. Nilikuwa nangoja tu Mzee Nzioka amalize maombi."

Nikauona upya uso wake kule juu, barabara ikiwa tupu, na jinsi alivyogeuka upande wa Kibwezi bila kusita hata kidogo. Nilikuwa nimedhani ni ujasiri wa mtu aliyepotezwa na mtoto wake. Kumbe hakuwa amepotea. Nilipomjibu "hapana" sikumkatisha tamaa, kwa sababu hakuwa akitafuta hakika. Hakika ilikuwa imetuishia siku nyingi. Alikuwa na miguu, alikuwa na njia, na kama kwenye njia hiyo palikuwa na Sista, vema. Kama hayupo, njia ilikuwa inaendelea. Nimeuguza wagonjwa wangu mwenyewe tangu wakati ule, na sasa najua mtu anavyofika mahali ambapo haulizi tena kama itawezekana, anauliza tu ni upande gani.

"Mbona basi uliniambia ni mimi?" nikamwuliza. "Miaka yote hii."

Mama alipuliza makapi kutoka kwenye ungo, akazitazama mbaazi zilizobaki, akaokota moja mbovu akaitupa.

"Ulikuwa umelia sana," akasema. "Na ulikuwa unashuka peke yako."